Hodi Tatu kwa Mkaapwani

Hapo zamani za kale, wakati Kiboko alipokuwa bado analala kitandani na kuvaa kilemba, aliishi Sange mmoja ukingoni mwa bahari. Sogeeni karibu. Na wewe unayemumunya ubuyu, mumunya kimyakimya, watu wamekuja kunisikiliza mimi.

Sange mnamjua? Ni mnyama mdogo, anatosha kwenye viganja viwili, miguu myembamba kama njiti za kiberiti, na pua ndefu inayochezacheza hata akiwa amelala. Huyu Bi Sange ugonjwa wake ulikuwa kufagia. Kila alfajiri, kabla hajatia kitu tumboni, alifagia njia zake zote: fyaa, fyaa, fyaa. Jani likianguka, analiondoa. Mwani ukiletwa na maji, anauondoa. Majirani walimcheka mpaka wakachoka. Lakini mwenye kufagia kila siku hujua kila kinacholetwa mlangoni kwake, na siku kilipoletwa. Hilo mliweke akilini, tutalihitaji.

Nyumba yake ilikuwa ndani ya mkaapwani. Kama hujawahi kuuona, ni kichaka kifupi, kimepindapinda, chenye majani madogo manene na viua vyeupe ambavyo usipoinama huvioni. Udongo mzuri hauujui. Umejiotea kwenye jiwe la matumbawe, mizizi umeichomeka katika matundu ya jiwe, chumvi inaupiga usoni mchana kutwa, na wenyewe wala hauna habari. Mti mwingine ukijaribu kuota pale, wiki haiishi umekwisha kuwa kuni. Na ugumu wake ni wa ajabu. Shoka likiugusa huomba radhi.

Siku hizo Bi Sange alikuwa amejifungua mapacha, na arobaini yao ilikuwa bado. Kwa desturi za kwao mtoto hatolewi nje kabla ya arobaini, na hata bila desturi asingethubutu. Juu angani Kipanga alikuwa akizunguka, anazunguka, anahesabu. Jiwe lile lilikuwa jeupe na tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Mahali pa kujificha palikuwa pamoja tu, mkaapwani. Ukiondoka ule mti, wale mapacha walikuwa kitafunio cha asubuhi.

Basi siku moja Kitwitwi, yule ndege anayekimbizana na mawimbi, akaja mbio mlangoni.

"Bi Sange, umesikia? Kitanda cha Jumbe Kiboko kimevunjika."

"Tena?"

"Mara ya saba. Amekaa tu pembeni avue kilemba, kitanda, pu! Matendegu yote manne yameingia ardhini kama misumari."

Bi Sange akacheka mpaka pua ikamkaza. "Si alale chini?"

"Atalalaje chini, naye Ijumaa anaoa? Bibi harusi amesema hakanyagi kwa mwanamume asiye na kitanda. Sasa Fundi Ngiri amemwambia mti usiovunjika ni mmoja tu. Kesho wanakuja kuukata. Safari hii matendegu kumi na mawili, Bi Sange. Watauchukua wote, mpaka na mizizi."

Bi Sange hakucheka tena. Akaingia ndani, akawatazama wanawe wawili waliolala pua kwa pua. Apigane na Kiboko? Kiboko akipiga chafya tu yeye yuko kijiji cha pili. Akawaza, akawaza, na alipoona hawezi kuwaza akiwa amekaa, akachukua ufagio akaenda kufagia.

Sasa, wanangu, kila mkubwa ana mahali pake anapokunwa akatulia. Wengine hukunwa kwa chakula. Jumbe Kiboko alikunwa kwa adabu. Alipenda kusifiwa kwamba hakuna mstaarabu kama yeye toka chanzo cha mto hadi mdomo wake. Hata akitaka kumkanyaga mtu, kwanza alimwamkia.

Kesho yake saa nne asubuhi wakaja, ardhi inatetemeka: tifu, tifu, tifu. Mbele Jumbe na kilemba chake, nyuma Fundi Ngiri na shoka begani, mkia wima kama bendera ya shule. Bahari ilikuwa imetoka mbali sana, huoni hata povu.

"Shikamoo, Jumbe," akasema Bi Sange.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo? Usiku umelalaje? Vizuri. Basi toka humo, tunaukata huu mti."

"Haya, Jumbe. Umekwisha kupiga hodi?"

Kiboko akasita. "Hodi kwa nani?"

"Kwa mwenyewe. Bibi Mkaapwani. Mzee huyu, Jumbe, alikuwa hapa kabla babu yako hajaota meno. Mimi mpangaji tu. Nilidhani mtu mwenye adabu zako…"

"Nilikuwa nataka kupiga sasa hivi," akasema Kiboko haraka, akarekebisha kilemba. "Hodi!"

Kimya. Upepo tu kwenye majani.

"Hodi! Hodi kwa mara ya tatu!"

Kimya.

Bi Sange akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Hayupo."

"Hayupo vipi?" akauliza Ngiri. "Si huyu hapa, amesimama!"

"Fundi, mmepiga hodi ngapi?"

"Tatu."

"Mmeitikiwa?"

"Hatukuitikiwa."

"Mtu akipiga hodi tatu asiitikiwe, kwenu hufanyaje? Huvunja mlango?"

Ngiri akafungua mdomo, lakini Kiboko alikwisha kugeuka. "Hurudi siku nyingine," akasema kwa sauti ya kufundisha. "Fundi, wewe umelelewa wapi?"

Siku ya pili hivyo hivyo. Hodi, hodi, hodi, kimya. Bi Sange akaeleza kwamba Bibi Mkaapwani ametoka kidogo, amekwenda mazishini. Kiboko akatuma salamu za rambirambi. Ngiri akaondoka akisaga meno, na yeye meno mnayajua.

Jioni ile Bi Sange alifagia peke yake, huku akisoma ardhi. Toka mlangoni kwake hadi chini ufukweni palikuwa na ngazi za jiwe, ngazi kama tano hivi. Siku tatu nyuma, maji yaliacha mwani kwenye ngazi ya mwisho chini. Halafu ya nne. Jana ya tatu. Leo mwani ulilala ngazi ya pili, mbichi, na mwezi ulikuwa umebakiza ukucha tu ujae. Bi Sange akajua kesho ni bamvu, yale maji makubwa ya mwezi mpevu. Bamvu hupiga shina la mkaapwani, ila chumbani kwake, juu katikati ya mizizi, halijapata kufika.

"Kesho ndiyo Ijumaa," akawaambia wanawe. "Mama yenu akishindwa kesho, nisameheni."

Ijumaa saa nne, tifu, tifu, tifu. Jumbe amekuja peke yake, amejipaka mafuta, kilemba kipya. Bi Sange akachungulia. Ngiri yuko wapi? Ah, yule pale nyuma ya kichaka, amejilaza chini ajifiche. Amejificha mwili wote, mkia umebaki nje, wima, unapepea.

"Hodi!" akaita Kiboko.

"Hrok! Karibu!" kikajibu kichaka.

Kiboko akaruka nyuma hatua mbili. "Ameitika!"

Hila ya Bi Sange ya siku mbili imekwisha, imevunjwa na mkia. Amuumbue Ngiri? Akimuumbua, Jumbe ataona hodi zote ni mchezo, na mchezo ukiisha litabaki shoka. Pua ikamcheza mara moja, mara mbili, ya tatu ikatulia.

"Alhamdulillahi, bibi amerudi," akasema. "Ana mafua kidogo, ndiyo maana sauti hivyo. Jumbe, umekaribishwa! Pita, pita, mgeni njoo mwenyeji apone. Nimekwisha kukufagilia mahali."

Naye alikuwa amefagia kweli. Ngazi ya tatu ilikuwa safi, ametandika na mkeka.

Ngiri akachomoza ubavuni akijipangusa mchanga. "Jumbe, umekaribishwa, basi tukate!"

"Fundi, salama? Wakati wa hodi sikukuona," akasema Bi Sange. "Ulikuwa wapi?"

Ngiri akatazama juu, akatazama chini. "Nilikuwa… nachimba dawa."

"Nyuma ya nyumba ya watu?" akafoka Kiboko.

"Msamehe, Jumbe. Lakini nauliza tu, mimi mjinga: mgeni akiambiwa karibu, huinuka akakata miguu ya mwenyeji? Au hukaa kwanza, akala, ndipo akaeleza shida yake?"

Ngiri akasema, "Harusi jioni, hatuna muda wa…"

"Nyamaza," akasema Kiboko. "Usinitie aibu. Tutakula kwanza."

Akavua viatu, akavitundika kwenye tawi, akashuka ngazi ya tatu, akakaa. Mkeka ulikuwa mwembamba na lile jiwe la matumbawe lina ncha kama chupa zilizovunjwa. Makalio ya Jumbe yakapata chale ambazo hakuziomba. Lakini mgeni mwenye adabu halalamikii kiti. Akauma meno, akatabasamu. Ngiri akakaa ngazi ya chini yake akikumbatia shoka.

Wakangoja. Jua likapanda. Saa sita, saa saba. Watu wa mtoni hawa, wanangu. Kwao maji yana adabu moja, yanakwenda. Maji yanayokwenda kisha yakarudi, wao hawajawahi kuyaona.

Saa nane Kiboko akakohoa. "Bi Sange, simharakishi mwenyeji. Lakini chakula…"

"Kinapikwa, Jumbe. Husikii?"

Kiboko akatega sikio. Mbali huko, shwaaa. Kimya. Shwaaa.

"Ndiyo maji ya ugali hayo," akasema Bi Sange. "Yamebandikwa."

"Sufuria kubwa, eh?"

"Kubwa kabisa. Amejua anakuja nani."

Kiboko akafurahi. Akamkonyeza Ngiri. Baada ya muda, shwaaa ikawa karibu zaidi, na povu jeupe likaonekana.

"Yanachemka!" akasema Kiboko.

"Yanachemka, Jumbe."

Rasharasha zikaanza kuwarukia usoni. Ngiri akajilamba. "Mbona ya chumvi?"

"Amekwisha kutia chumvi," akasema Bi Sange, huku akipanda juu kidogo kidogo, kinyumenyume.

Saa tisa na nusu bamvu likafika. Kwanza likamlamba Ngiri miguu. Kisha likarudi nyuma, likanyamaza kama mtu aliyesahau kitu. Kisha, PU!

"Yoooh!" akalia Kiboko. Maji ya chumvi yameingia kwenye zile chale za makalio, zote kwa pamoja. "Chumvi imezidi! Mwambieni bibi chumvi imezidi!"

Wimbi la pili likamng'oa Ngiri kwenye ngazi, shoka likaenda, chubwi, na mpaka leo halijaonekana. Ngiri akaudaka mkia wa Jumbe kwa meno. Wimbi la tatu likambeba Jumbe mwenyewe. Mtoni Kiboko ni mfalme, lakini maji haya yalimvuta, yakamsukuma, yakamvuta, na kila akikanyaga anakanyaga ncha. Kilemba kikamtoka. Akapanua lile domo lake lote na kuuma kitu cha kwanza kilichokuwa mbele yake.

Aliuma shina la mkaapwani.

Kraa! likalia shina. Ndani ya mizizi Bi Sange aliwakumbatia wanawe, na hapo hakuwa na ujanja wowote, alikuwa mama tu. Hila yake ilikuwa imekuja kubwa kuliko alivyoipanga. Alitaka waloe wakimbie. Hakutaka mzigo wote huu uning'inie kwenye mlango wake. Mti ukiachia, wote wanakwenda, yeye na watoto wa kwanza.

Shina likainama. Mizizi ikalia ndani ya jiwe. Wimbi likaja, likapita. Likaja jingine, likapita. Mkaapwani haukuachia. Ulikuwa umezoea.

Bi Sange akavuta pumzi, akatoa pua nje.

"Jumbe, upo?"

"Mmh."

"Unaona mwenyeji alivyokushika mkono?"

"Mmh."

"Mgeni aliyeshikwa mkono na mwenyeji asizame, anaweza kumgeuza mwenyeji matendegu?"

Wimbi likampiga Kiboko kisogoni.

"Sikukusikia, Jumbe."

"Mm-mm!"

"Leo tu, au siku zote?"

Hapo Kiboko alitamani sana kueleza. Lakini kiapo gani utakijadili na mdomo umejaa mti? Ukifungua umekwenda. Akatikisa kichwa kwa nguvu, siku zote, siku zote, na nyuma yake Ngiri naye akatikisa, kwa kuwa ameuma mkia na kichwa kilifuata.

Magharibi maji yakaanza kurudi kwao. Kiboko akaachia taya, akalala juu ya jiwe akihema, kichwa wazi, makalio mekundu. Ngiri akatema maji, akatazama mti, akaona kichaka chote bado kipo na harusi bado ipo.

"Jumbe, maji yametoka. Tukimbie tukalete shoka jingine."

"Nimeapa," akasema Kiboko.

"Kiapo cha nini? Jumbe, hakuna bibi hapa! Ule mti haukuitika. Aliyesema karibu ni mimi!"

Hapo hapo Ngiri akajua amejiponza, kama anavyojua mtu aliyekwisha kukanyaga mwiba.

"Wewe," akasema Kiboko polepole, "ulinidanganya mimi. Ukanikalisha juu ya chupa tangu saa nne."

"Jumbe, mimi nilitaka tu…"

Kisha Kiboko akamgeukia Bi Sange, macho madogo yamewaka. "Na wewe ulijua. Mtu wa kufagia kama wewe huuoni mkia wa Ngiri? Basi hapakuwa na hodi, hapakuwa na karibu, na kiapo hakipo. Nitaung'oa kwa meno haya haya."

Akausogelea mti. Bi Sange akatoka, akasimama mbele ya mlango wake, mdogo kama jongoo mbele ya ukuta. Hakuwa na uongo mwingine, wote ulikwisha.

"Nilijua, Jumbe," akasema. "Kwa hodi nilikudanganya mimi, na kwa ile karibu amekudanganya Fundi. Lakini ulipokuwa unazama, nani alikushika? Mimi? Fundi?"

Kiboko akafungua mdomo kujibu, ndipo akaona shina. Meno yake yalikuwa pale, alama kubwa kubwa, zimezama ndani ya ule mti mgumu. Utomvu ulikuwa unatoka polepole. Akazitazama muda mrefu.

"Huyu bibi hakunidanganya," akasema mwishowe.

Akajitwika viatu vyake, akakohoa, na kwa kuwa yeye ni yeye, akauinamia mti. "Ahsante kwa chakula, bibi," akasema. "Tumeshiba."

Kisha akamgeukia Ngiri, na Ngiri hakungoja ya pili. Tifu tifu tifu tifu, alikimbia mpaka kwake, akaingia shimoni kinyumenyume ili aone kama Jumbe anakuja. Hata leo Ngiri huingia shimoni matako mbele, na ukimuuliza atakwambia ni mtindo.

Na harusi? Bibi harusi alikuja, akamkuta mume amelala kifudifudi kwenye tope, analia makalio. Akajaribu kulala kando yake, apime tu. Kulikuwa baridi, kulikuwa laini, na hakukuvunjika kitu. Toka siku hiyo hakuna kiboko aliyenunua kitanda.

Alfajiri Bi Sange akaamka, akachukua ufagio: fyaa, fyaa, fyaa. Mlangoni alikuta mwani, ganda la chaza, na kitu kirefu cheupe kimejiviringisha kwenye shina. Kilikuwa kile kilemba kipya cha Jumbe. Akakiosha, akakianika kwenye matawi ya mkaapwani, akakikata vipande vipande. Mpaka arobaini ikatimia, mapacha wake walivalishwa nepi nyeupe za kijumbe, zikawa zinaanikwa matawini, na Kipanga aliyekuwa akizunguka juu alidhani ni viua vyeupe tu.

Hadithi yangu nimeifagia mpaka hapa, anayeona taka aokote. Anayejisifu kwa adabu, mfunge kwa adabu yake.